Aliyeshika Mwisho wa Ubao

Ndugu, majirani, wateja na mafundi wenzake marehemu, mliopata viti na mliosimama juani, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba utulivu kwa muda wa kusoma karatasi nne, ambazo zilikuwa sita kabla dada yake marehemu, mwalimu mstaafu, hajazipitia kwa kalamu nyekundu. Anayesoma ni mdogo wake marehemu, mpakaji vanishi wa karakana yake ya useremala, naye amekatazwa na dada huyo kusema "mimi" katika historia hii, kwa sababu historia ni ya marehemu, na kwa sababu dada anamjua mdogo wake tangu akimbeba mgongoni, anajua akianza na "mimi" hatanyamaza mpaka giza liingie. Kwa hiyo atatajwa kama wengine wanavyotajwa, pale anapohusika, na mtaona anahusika mara nyingi, mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari mwaka 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa dereva wa lori na mfua nguo wa hospitali. Dada alifuata mwaka 1960, na kitindamimba akazaliwa tarehe 3 Oktoba 1964, naye alipofikisha wiki sita marehemu, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka minane, aliachiwa amshike wakati mama anaanika shuka za watu, akamshika tangu saa tatu hadi saa sita bila kukaa chini, akihofia kwamba akikaa mtoto ataamka. Kitindamimba amesimuliwa habari hiyo mara nyingi, na ingawa alikuwa usingizini na haikumbuki, tangu alipopata akili aliishi kama mtu mwenye hati ya kumiliki mikono ile miwili, na mwingine yeyote aliyesaidiwa nayo alimhesabu kuwa mwizi.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kumaliza Novemba 1970, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1974, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, idara ya useremala, akahitimu tarehe 26 Novemba 1976, wa pili katika darasa la watu thelathini na mmoja. Ni pale chuoni alipopewa jina la Mstari, ambalo wengi wenu mnamjua kwalo, kutokana na tabia yake ya kuweka jicho kwenye ukingo wa kila ubao, wa dirisha, wa benchi, hata wa meza ya mkuu wa chuo siku alipoitwa kujieleza kwa kosa la kuchelewa, akamwambia mkuu kwa heshima zote kwamba meza yake imepinda upande wa kushoto.

Kuanzia Januari 1977 alifanya kazi katika kiwanda cha samani, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu, na tarehe 1 Juni 1985 akafungua karakana yake mwenyewe nyuma ya kiwanda cha mikate, jengo la mabati lenye mlango mpana upande wa barabara na mlango mwembamba upande wa uani, akanunua mashine ya randa ya kunyooshea kingo za mbao, ya chuma kizito, kutoka chuo kilichokuwa kinafungwa. Watu wanane waliishusha kutoka kwenye lori, na marehemu aliipaka mafuta kila Jumamosi kwa miaka thelathini na minne, hata mke wake akawa anasema kwamba yeye aliolewa akiwa mke wa pili.

Kwa wasioifahamu kazi hiyo, mashine ina meza mbili za chuma na kisu kinachozunguka katikati yake, ubao unaingia upande huu ukiwa umepinda, unatoka upande ule ukiwa umenyooka, lakini ubao mrefu na mzito ukishatoka zaidi ya nusu, uzito wake unaning'inia hewani na kuinama, mkia unanyanyuka kwenye kisu, na kazi inaharibika. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kuupokea mwishoni, na mtu huyo kazi yake ni kubeba uzito, basi, asivute, asinyanyue, asionyeshe njia, kwa kuwa anayeuendesha ubao ni mmoja. Maneno ni machache, lakini kuna watu yanawashinda maisha yao yote.

Mdogo mtu alijiunga na karakana tarehe 10 Machi 1986, akasimama mwisho wa ubao, na hakuna cheo alichowahi kupata au angeweza kupata ambacho angekilinganisha na nafasi ile, kaka upande mmoja, yeye upande mwingine, ubao katikati. Bahati mbaya alikuwa akinyanyua, si sana, na kwa nia njema, kama mtu anayemwinua mzee kitini, na ubao ukinyanyuliwa unaachana na kisu, ukingo unatoka na tumbo, kisha mbao mbili zikikutanishwa zinagusana katikati na kuachana mwishoni, mwanga unapita. Marehemu alikuwa akimwambia kwa upole, bila kuzima mashine, "Usinisaidie kwenda, nisaidie nisianguke," na mdogo mtu akiitikia sawa kaka, kisha ubao unaofuata anaunyanyua tena. Miaka minne yote kazi ilikuwa hivyo, na mbao nyingi zilipigwa randa mara mbili.

Tarehe 12 Desemba 1987 marehemu alifunga ndoa na mshonaji wa mapazia, ambaye leo ni mjane wake, na msimamizi wa harusi alikuwa mdogo mtu, wakati huo hakukuwa na mtu mwingine wa kusimama naye, na hilo anayesoma ameomba libaki kwenye karatasi ingawa dada ameandika pembeni, kwa wino mwekundu, neno "punguza". Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mwaka 1989, binti mwaka 1992 na mvulana mwaka 1996, wote wapo hapa, na wajukuu wanne, ambao wawili wameshaanza kuweka jicho kwenye kingo za meza.

Sasa imefika tarehe 20 Agosti 1990. Siku hiyo mdogo mtu alitumwa kununua visu vya mashine, akachelewa kwa sababu alikutana na rafiki, na aliporudi alikuta ubao wa mita nne umeshapita, umenyooka kabisa, na mwisho wake umeshikwa na mpagazi aliyeleta mbao kwa mkokoteni, mtu mpana, mwenye mwendo wa kuhesabu hatua, ambaye tangu siku hiyo anaitwa Taratibu, na ambaye amekaa pale mstari wa pili. Marehemu alimuuliza amejifunza wapi kushika hivyo, naye akajibu kwamba kwa miaka tisa alikuwa akibeba makabati ya watu kwenye ngazi za maghorofa, na ukiwa wa chini ngazini, ukisukuma unamwangusha aliye juu, ukilegea linakuangukia wewe, kwa hiyo unabeba na kumngoja mwenzako apande. Marehemu alicheka, kicheko ambacho mdogo mtu alikuwa hajakisikia tangu mashine iliposhushwa kwenye lori. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu hakupona, aliugua tangu siku ile.

Wiki iliyofuata Taratibu aliajiriwa, na mdogo mtu akahamishiwa kwenye meza ya vanishi, karibu na mlango wa uani, kwa maelezo kwamba ana mkono laini wa kupaka, jambo ambalo ni kweli, na wateja wengi mlio hapa mna makabati yanayong'aa kuthibitisha. Lakini mtu aliyefukuzwa chumbani haridhiki kwa kuambiwa sebule ni nzuri. Akiwa amesimama na brashi yake aliwaona wale wawili kupitia vumbi, siku nzima hawasemezani, kaka anainua kidevu, Taratibu anasogea, kaka anasita, Taratibu anasita, na ukimya ule ndio uliomuumiza, maana yeye na kaka yake walikuwa na damu moja, jina moja la ukoo na kikohozi kimoja, lakini ukimya kama ule hawakuwahi kuwa nao. Ulikuwa wivu, na anayesoma amekatazwa kusema mimi lakini hakukatazwa kusema wivu, akawa anahesabu ni nani amekabidhiwa ufunguo wa karakana, nani ameulizwa hali ya mtoto, nani amekatiwa kipande kikubwa cha mkate, na kila jioni hesabu ilimwonyesha kwamba amepunjwa.

Mwezi Machi 1998 karakana ilipata kazi kubwa kuliko zote, meza ya kusomea ya maktaba ya mji, mbao nane za mtiki, kila moja urefu wa mita tano, nzito kiasi kwamba Taratibu peke yake hakutosha, ikabidi upande wa kutokea isimamishwe stendi ya chuma yenye rola, ubao upite juu yake kabla ya kumfikia. Taratibu aliipima kila asubuhi, analaza rula ndefu ya chuma kutoka kwenye meza ya mashine hadi kwenye rola, anachuchumaa, anafunga jicho moja, mpaka rola iwe chini ya meza kwa unene wa unywele, kwa kuwa stendi ikizidi juu, hata kidogo, inafanya kosa lilelile la mtu anayenyanyua.

Tarehe 17 Machi, saa saba mchana, wote wakiwa wameenda kula, mdogo mtu alirudi peke yake, akararua boksi la msasa, akakunja vipande vinne vya kadibodi, akavisukumiza chini ya miguu minne ya stendi, kisha akaenda kunawa mikono. Hajawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili, si mke wake, si dada aliyeshika kalamu nyekundu, ambaye karatasi hii ya tatu hakuonyeshwa, na ambaye sasa hivi anamtazama anayesoma kwa jicho analolijua.

Mchana ule mbao zote nane zilipita, zote zikatoka na tumbo, na saa kumi zilipokutanishwa mwanga ulipita mwishoni, upana wa kidole. Taratibu aligeuka rangi, akasema ni yeye, mikono yake imechoka, atafutwe mtu mwingine, akavua aproni yake na kuikunja vizuri, na mdogo mtu, pale mlangoni na brashi yake, alingoja furaha aliyoilipia ije, haikuja. Marehemu alizunguka mashine, akachuchumaa kwenye stendi, akakaa pale chini muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama miguu minne, kisha akainuka na kusema kwamba kosa ni lake, hakukaza meza ya mashine, Taratibu avae aproni yake. Mbao zilipigwa randa upya, meza ya maktaba ikatoka nyembamba kuliko mchoro kwa kiganja kimoja, na iko hivyo hadi leo, watu wanasomea.

Mdogo mtu alilala akiamini kwamba ameponea, kwa kuwa asubuhi yake vipande havikuwepo, akadhani vimefagiliwa. Jambo moja tu lilibadilika, nalo lilimkera, kwamba tangu wiki ile marehemu alianza kuacha mashine kila siku ya kazi saa nne asubuhi, akiwa na vikombe viwili, akaja kukaa kwenye meza ya vanishi kwa robo saa. Mdogo mtu alijua maana yake, anakaguliwa, haaminiwi hata kwenye brashi, akawa anajibu kwa mkato, akanywa chai haraka, na siku nyingine akijifanya anakoroga kopo ambalo halikuhitaji kukorogwa. Kaka hakuwa na mengi, atasema leo vumbi limezidi, au mabati haya yanavuja tena, au mama angekuwepo angecheka, kisha anabeba vikombe vyake na kurudi kwenye mashine. Hali hiyo iliendelea kwa miaka ishirini na mmoja, na marehemu hakuacha hata siku alizokuwa na homa.

Mwezi Septemba 2019 marehemu alianza kukohoa, si kile kikohozi cha ukoo, akapelekwa hospitali tarehe 2 Oktoba, ikaonekana mapafu yamejaa vumbi la miaka arobaini, akaamriwa kuacha karakana, akaacha. Alilazwa mara tano, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 11 Aprili 2023, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, ambapo aliwaeleza wauguzi kwamba fremu ya dirisha imepinda. Tarehe 4 Mei, saa tisa alasiri, wauguzi walikuwa wakibadilisha shuka, Taratibu amemshika miguu hewani kama alivyoshika kila kitu, na marehemu akafariki hapohapo, akiwa na umri wa miaka 66, miezi miwili na siku ishirini. Mdogo mtu alikuwa ametumwa dawa. Alifika dakika kumi baadaye na mfuko mkononi, akakuta Taratibu bado ameishika ile miguu, hajui aishushe lini, na msimfikirie vibaya mkisikia kwamba kitu cha kwanza kilichompata, kabla ya kilio, kilikuwa wivu uleule, mzima, kana kwamba ni tarehe 20 Agosti 1990.

Jioni ile mjane alimpa mdogo mtu kopo la bati ambalo marehemu aliwekea penseli zake, akasema ameagizwa alitoe siku hii na si kabla. Ndani, chini ya penseli, mlikuwa na vipande vinne vya kadibodi ya boksi la msasa, vimebanwa kwa pini, na juu yake tarehe kwa mwandiko wa marehemu, 17 Machi 1998. Mjane alieleza kwamba mume wake alirudi navyo mfukoni siku ile, akavipanga juu ya cherehani yake, akamwambia kwamba mdogo wake amemwandikia barua, na kwamba hajui ataijibu vipi, yeye si mtu wa maneno. Kesho yake asubuhi alimwomba vikombe viwili vya nyumbani, vile vyenye maua, akavipeleka karakana. Mjane alidhani mdogo mtu alijua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na aliyeficha hapa mmeshamjua. Miaka ishirini na mmoja, kila saa nne, jibu liliwekwa mbele yake likiwa la moto, naye akalinywa haraka akiwa amenuna, macho yameelekea kwenye mashine, akimwonea wivu mtu aliyekuwa amebaki kule peke yake.

Katika maagizo yake marehemu alitaka jeneza litokane na ubao mmoja wa akiba wa ule mtiki, uliobaki baada ya meza ya maktaba na kuhifadhiwa kwenye boriti kwa miaka ishirini na mitano, na alitaka Taratibu auendeshe, na mdogo wake ashike mwisho. Juzi, tarehe 5 Mei, saa tatu asubuhi, waliuteremsha na kuwasha mashine. Mdogo mtu alisimama pale alipotolewa miaka thelathini na mitatu iliyopita, ubao ukamjia polepole, ukamlalia mikononi, na safari hii hakunyanyua wala hakuvuta, si kwa kuwa amejifunza uzeeni, bali kwa sababu hakutaka ufike. Aliubeba tu, akangoja, na Taratibu alipoukata vipande na kuvikutanisha, mwanga haukupita.

Ilipofika saa nne walikaa kwenye meza ya vanishi na vile vikombe vyenye maua, na Taratibu, ambaye kwa kawaida maneno yake ya wiki yanatosha kwenye kiganja, akasema kwamba kuna jambo limemkaa moyoni miaka yote, angependa kulijua kabla ya maziko, kila siku saa nne mlikuwa mnaongea nini ninyi wawili, maana yeye alikuwa akinywa chai yake kule kwenye mashine, peke yake, akiwatazama kupitia vumbi. Mdogo mtu alimwambia ukweli, kwamba waliongea habari za vumbi na mabati yanayovuja. Taratibu akanywa funda moja, akasema alikuwa akidhani hivyo, lakini angependa naye aambiwe kwamba mabati yanavuja.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, na fundi wa hospitali ambaye wiki iliyopita alikuja na patasi kurekebisha fremu ya lile dirisha, marehemu akaiona imenyooka. Tunawashukuru majirani wa kiwanda cha mikate, wateja, mafundi wa mtaa mzima waliofunga karakana zao leo, na dada, ambaye ataomba karatasi ya tatu jioni na atapewa. Shukrani ya mwisho ni ya Taratibu, na inaandamana na ombi la msamaha mbele ya watu wote hawa, kwamba tarehe 17 Machi 1998 mikono yako haikuchoka, haijawahi kuchoka, na aproni ile hukustahili kuivua.

Jeneza litabebwa na watu sita. Familia inamwomba Taratibu ashike upande wa kichwani, karibu zaidi na marehemu, nafasi ni yake na hakuna atakayemnyang'anya. Mdogo mtu atashika miguuni, mwisho kabisa, na dada yake amruhusu neno moja alilokatazwa.

Kaka, ni mimi. Nimebeba tu, sivuti. Nenda taratibu, na upumzike kwa amani.